Cucu, Si Yai Lililowaua

Mpendwa nyanya yangu, Cucu,

Naanza na lile gumu nisije nikaliruka: wale vifaranga wa samaki wa kwanza hawakufa kwa sababu ya yai lako. Niliwaua mimi. Nilijua siku hiyohiyo, nikanyamaza, nawe ukaenda zako ushago, Githunguri, na lawama isiyokuwa yako. Sasa ni miezi mitano.

Ningekuandikia kwa Kikuyu, lakini Kikuyu changu cha kuandika unakijua, kinachechemea. Kiswahili chako cha sokoni na changu cha shule vitakutana katikati. Na unajua mimi si mtu wa maneno. Wageni wakija naingia jikoni kuosha vyombo vilivyo safi. Ni wewe peke yako uliyekuwa ukinifuata huko, unachukua kitambaa, unaanza kuvipangusa, hatuongei hata kidogo, na roho yangu inatulia.

Labda ndiyo sababu nililipenda lile tangi la samaki tangu siku ya kwanza. Samaki hawakuulizi mbona uko kimya. Ofisi ya Baba kule Upper Hill ilikuwa inahama na hakuna aliyetaka kulibeba, kwa hiyo akalileta hapa Mountain View kwenye buti ya gari, samaki wanne wa manjano wakiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Muuzaji wa samaki wa mapambo kule mjini aliniambia wanaitwa sikilidi, jamaa wa mbali wa ngege, na asili yao ni Ziwa Malawi. Wewe hukujali asili. Kwenu samaki hakuwahi kuwa chakula, na wiki nzima hukukanyaga sebuleni. Ulisema kitu kinacholala macho wazi si cha kuaminiwa.

Halafu nikaona unaanza kusogea. Kwanza ulikaa kiti cha mlangoni, kesho yake cha katikati, na kufikia Jumapili ulikuwa umebandika miwani kwenye kioo, unawatukana kwa jinsi wanavyofukuzana.

Wewe ndiwe uliyeona mambo kabla yangu. Yule jike mdogo alikuwa ameacha kula, kidevu kimevimba kama mtu mwenye jino bovu. Mimi nilikuwa nimekimbia saiba pale Kangemi, kwenye kompyuta za kulipia, nikasoma magonjwa yote ya samaki duniani, nikarudi na karatasi mbili na pakiti ya chumvi. Uliniangalia nikipima chumvi kwa kijiko.

"Wacha kumsumbua," ukasema. "Huyo si mgonjwa. Mgonjwa anajificha aachwe. Huyu amejificha na kitu."

Niliweka chumvi chini kwa sababu ya adabu tu, si kwa sababu nilikuamini. Nilirudi saiba, na safari hii nikatafuta vizuri. Kumbe jike wa aina ile huweka mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa wanabaki humohumo, karibu wiki tatu, yeye bila kula. Nilipokueleza ulicheka mpaka ukavua miwani. Ulisema umelea watoto tisa na hakuna uliyemficha mdomoni, ingawa Baba angestahili.

Tulimhamishia kwenye beseni la kufulia, Mama akalalamika, tukamwambia ni la muda. Siku alipowatema walikuwa ishirini na sita, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, macho tu na mkia. Ni wewe uliyechemsha yai, ukaponda kiini, ukakichuja kwa kitambaa, ukakichukua kwa ncha ya kidole na kukichovya majini. Nilitaka kuongeza, ukanipiga mkono. Kidogo kama chumvi kwenye uji wa mtoto, ulisema, kingine kitaoza. Nayaandika haya kwa makusudi, Cucu. Nataka ijulikane kwamba wewe ulipima, na aliyetaka kuzidisha ni mimi.

Unakumbuka ile Jumapili stima ilipopotea na pampu ya hewa ikazima? Ulichukua kikombe, ukawa unachota maji na kuyamwaga tena humohumo kutoka juu, yapate kupumua. Tulipokezana kuanzia tulipotoka kanisani mpaka saa kumi. Uliimba nyimbo zote za ibada mara mbili. Hakufa hata mmoja. Nadhani ile ndiyo siku niliyojua kwamba naweza kufanya kitu kikubwa, mimi ambaye darasani hata jina langu nalitaja kwa shida.

Kwa hiyo nikaringa. Hapo ndipo nilipokosea.

Sheila, yule wa darasani kwetu anayekaa Spring Valley, alisikia habari za vifaranga akasema atakuja Jumamosi kuwaona. Hakuna mtu wa shule aliyewahi kuja kwetu kabla ya hapo. Nikaanza kuangalia nyumba yetu kwa macho ya mtu ambaye kwao maji hayakatiki. Nikaliona lile pipa la buluu kwenye baraza, lenye maji ya wiki iliyopita, vumbi likielea juu. Nikaliona beseni, kijani kibichi kikianza pembeni. Nikaona haya.

Na asubuhi ileile, baada ya siku nane za ukame, mfereji ukakohoa, ukatoa maji. Meupe, yenye nguvu, yananuka dawa ya klorini. Mimi niliyaona kama baraka. Nilimwaga yote ya zamani, nikasugua beseni likang'aa, vifaranga wakisubiri ndani ya jagi, nikajaza maji ya mfereji hadi juu.

Ulisimama mlangoni na leso yako kiunoni. "Hiyo maji ni kali bado," ulisema. "Iache ikae kwa pipa kwanza, kesho utaitumia."

Nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya kitambo. Nilikujibu hivyo, mimi, mdomo huu ambao hauwezi hata kumwambia makanga wa matatu nashuka. Nikawamimina.

Sheila alifika saa sita. Akainama, akakaa hivyo kidogo, akasema, "Ai, mbona hawasongi?"

Walikuwa wanaelea. Wote. Mama akatoka jikoni, akaona bakuli lako la kiini kando ya beseni, akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Ni hayo mayai ya Mama. Mnawajaza kama kuku."

Ulichovya kidole majini, ukakinusa, ukaniangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Cucu. Ilikuwa ndefu, nakumbuka hata redio ya jirani ilivyokuwa inaimba. Ukapangusa kidole kwenye leso ukasema pole, mjukuu wangu.

Nikapokea pole.

Wiki mbili baadaye, Anko na jamaa wa ushago walipokuja chakula cha mchana, Mama akaifanya habari hiyo kichekesho. Anko akasema kumbe mama yake, asiyekula samaki, amepata njia nyingine ya kuwamaliza. Meza nzima ikaangua kicheko. Nawe ulicheka. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo safi, na siku hiyo hukunifuata. Kabla ya mwezi kuisha ukasema maharagwe yanataka kupaliliwa, Baba akakurudisha Githunguri.

Sasa nikupe ya leo. Yule jike alibeba tena. Safari hii nimefanya kila kitu ulivyotaka: maji yanakaa kwenye pipa siku tatu ndipo nayachota, sibadilishi yote, natoa jagi mbili na kurudisha jagi mbili. Kiini ni cha ncha ya kidole. Wana wiki sita na wamekuwa na rangi ya manjano, ishirini na watatu, na wananijua. Nikikaribia wote wanakuja juu. Muuzaji wa mjini amesema watu wazima wenye matangi ya maelfu huwa wanawapoteza. Sikuona haya kumwambia nimefunzwa na nyanya yangu.

Lakini Jumapili iliyopita Mama alipita na sufuria ya chapati, akawaangalia, akasema kwa furaha, "Unaona sasa? Bila mayai ya Cucu wanakua."

Sikupanga. Nilisikia tu sauti yangu ikisema, "Mama, bado nawapa yai. Siku ile nilibadilisha maji yote, nikaweka ya mfereji. Cucu alinikataza."

Mama aliweka sufuria chini. Akakaa. Akauliza kama wewe ulijua. Nikamwambia ulijua tangu uliponusa kidole. Akasema, "Na mimi nikamcheka mbele ya watu." Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema lake atakuja kulisema mwenyewe kwa mdomo, Jumamosi, na akaniuliza langu nitalisema vipi, simu ipo. Nikamwambia kwenye simu nitasema niko sawa, shikamoo, kwaheri. Nitaandika.

Kwa hiyo tunakuja Jumamosi. Sikuandikii ili urudi, ingawa nataka urudi. Maharagwe yakikushika, kaa. Nisamehe ukiweza, na usipoweza bado, nitakuja tu, nikae karibu nawe.

Ombi langu ni moja. Nimemwambia Njeri, anayekusomea barua huko, asikusomee hii mkiwa wawili. Lawama ulipewa mezani, watu wamejaa. Na hii isomwe mezani, Anko akiwepo na mkewe na wote waliocheka. Akifika pale nilipoandika kwamba niliwaua mimi, asishushe sauti.

Mimi,
mjukuu na wajina wako