Uzito wa Kobe

Jumanne, 4 Machi

Ta! — mlio mmoja mkavu, wa chuma kuingia kwenye chuma. Kutwa nzima haujanitoka. Ni kichwa cha trela kilipoikalia ile boli, tufe la chuma la nyuma ya gari, na kujifunga. Baba alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa. "Haya," akasema, "Kobe kashika."

Kobe ndiye trela. Nyumba ndogo ya bati jeupe juu ya magurudumu mawili: kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja, pazia alilolishona marehemu Mama. Baba aliishi humo miaka yote aliyokuwa dereva wa greda, akichonga barabara ya mlimani. Tangu astaafu, Kobe amekaa uani akiota ukungu. Sasa Baba anataka kumpeleka juu, pale barabara yake inapoishia. Wiki moja tu, anasema. Akapate hewa.

Wa kumvuta ni mimi, na kigari changu cha dizeli. Kirefu kwa kimo, kifupi kwa kiuno — Dada hukiita mbuzi aliyevaa viatu vya kisigino. Kina nguvu, ila sijui kama ni nguvu za kazi hii. Nimekisoma kitabu chake chote: mwisho wake ni kuvuta tani moja na nusu. Baba akacheka. "Kobe hapiti moja na robo. Profesa, wewe endesha."

Dada hakucheka. Ndiye mkubwa, na tangu Mama afariki ndiye anayetuendesha sote. "Na Alhamisi?" akauliza. Kwa sababu Jumatatu na Alhamisi ni za mashine. Figo za Baba zilikufa, mashine ndiyo husafisha damu yake, na kila anapolazwa kwenye kile kiti mimi ndiye ninayekaa pembeni, nikisoma au nikijifanya nasoma. Baba akasema ameshaongea na hospitali ya mji wa juu. Watampokea.

"Una hakika, Baba?"

"Mama, mimi ni mtoto?" Baba akamjibu Dada.

Basi Dada akanigeukia mimi. "Asipofika kwenye mashine Alhamisi, usinipigie simu kunililia."

Tumesimama kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, jua bado lipo. Baba anakoroma ndani ya Kobe. Nina huzuni nisiyoujua mlango wake. Safari hii niliitamani — mimi na yeye, bila mashine katikati.

Jumatano, 5 Machi

Leo tungekufa. Naandika hivyo hivyo, bila kupaka rangi.

Mteremko mrefu, barabara kavu, hakuna upepo. Lori likatupita kwa kasi. Nikahisi mkia wa gari ukivutwa kushoto, halafu kulia, halafu kushoto zaidi. Kwenye kioo Kobe alikuwa anatembea kama mlevi aliyepewa barabara yote. Usukani ukawa mwepesi mikononi, kama si wangu. Mguu ukaruka kwenda kwenye breki.

"Usiguse breki." Baba, sauti ya chini kabisa. "Toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani, usimfuate. Mwache achoke mwenyewe."

Akachoka. Tulipopata pa kusimama nilifungua mlango nikatapika. Baba akaninyooshea chupa ya maji. Yeye hakunywa. Vikombe viwili kwa siku, basi. Zaidi ya hapo maji hayana pa kutokea, yanamjaa mwilini. Nimemwona akilamba kifuniko.

Kobe hakupaswa kuyumba. Trela huyumba mzigo ukiwa nyuma. Mzigo hukaa katikati, juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na kidogo mbele, ili kichwa kiikandamize boli. Baba analijua hilo kuliko kitabu chochote. Nikamwuliza ameweka nini nyuma.

"Vikorokoro."

Akaangalia dirishani.

Mbele kidogo kulikuwa na machimbo ya kokoto, yana mizani ya malori. Nikaingia. Mpimaji ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Nikamwomba atupimie trela. "Mdogo wangu, hapa tunapima mawe. Nyumba ya mtu sijawahi." Lakini akapima. Akaangalia namba, akagonga kioo kwa ukucha, akaangalia tena. "Mnakwenda mlimani? Mbona mmeshaubeba?"

Tani moja na robo tatu, karibu.

Nikafungua kile kimlango cha nyuma, cha chini ya kitanda. Mifuko sita ya saruji. Imesukumwa pale pale mlangoni, mmoja umepasuka kona. Na tangi la maji, ambalo mtu halijazi akiwa njiani, limejaa hadi shingoni.

"Baba, saruji ya nini?"

"Ya kibaraza."

"Kibaraza cha wiki moja?"

Mpimaji akarudi kibandani kwake taratibu, kama mtu aliyekumbuka chai yake.

Maji nimeyamwaga. Saruji sikutaka hata kuigusa. Tumetambaa hadi kituo cha mafuta chini ya mlima. Naona kitu na sitaki kukiona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga simu hospitali ya mji wa juu. Muuguzi alikuwa mpole. Jina la Baba halipo. Halafu akaongeza: hata lingekuwepo, dada yangu, mashine hiyo sisi hatuna. Hatujawahi kuwa nayo.

Baba alikuwa amekaa kitandani anafunga vifungo kwa mkono mmoja. Ule mwingine ni wa mashine: mishipa imevimba kama kamba chini ya ngozi, hauruhusiwi kubeba hata ndoo. Nikamwambia nimepiga simu. Hakujitetea.

"Basi umejua. Daktari namwambia tangu mwezi wa kwanza, nimechoka na mashine. Anasema ni haki yangu, ila nizungumze kwanza na wanangu."

"Hujazungumza. Umenidanganya."

"Ningekuambia, ungevuta?"

Nikamwuliza tena, saruji ya nini, ingawa nilishajua.

"Huko juu saruji ni taabu kuipata. Sitaki muanze kuhangaika siku yenyewe, msiba mkononi." Aliyasema kama mtu anavyoeleza kwa nini amebeba mwavuli.

Nilisema maneno. Sitayaandika hapa.

Nikawasha gari nimrudishe. Dada kwenye simu: mrudishe, akikataa mfunge mkanda, na mlango uufunge kwa ufunguo. Sawa. Lakini kugeuza! Uwanja wenyewe mwembamba, na Kobe kwenye kurudi nyuma ni mbishi: usukani kulia, yeye kushoto. Mara ya kwanza akajikunja, kona yake ikakaribia mlango wangu. Nikavuta mbele. Tena. Tena. Klachi ikaanza kunuka. Wafanyakazi wa kituo wakatoka kutazama, mmoja akasema ili nisikie, "Huyu anaolewa na hilo trela au anaachika?" Na Baba kando yangu, mikono mapajani. Yeye angegeuza hilo huku anapiga miayo. Nikawa nalia na usukani mkononi.

Akafungua mlango akashuka. Nilidhani ananiacha. Akazunguka nyuma polepole na fimbo, akasimama mahali ninapomwona kwenye kioo, akainua mkono mzima.

"Shika usukani kwa chini. Unakotaka mkia wake uende, mkono wako uende huko huko. Polepole. Usimkimbize, si mwizi."

Kobe akageuka kama mlango uliotiwa mafuta. Pua ya gari ikatazama nyumbani, kwenye mashine, na aliyeielekeza huko ni yeye. Hakuweza kuvumilia kumwona Kobe akirudishwa vibaya. Hilo tu. Kingine chote aliweza kukivumilia.

Akapanda, akafunga mkanda. "Klachi umeichoma. Twende kwa fundi wa hapa kwanza, la sivyo hatufiki kwako wala kwangu."

Fundi akalala chini ya gari muda mrefu, akatoka, akapangusa mikono. Leo haliendi popote. Dada ametafuta gari la kumfuata, mwenye gari hawezi hadi kesho kutwa. Saa za mashine zimepita tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha trela, Baba akinionyesha kwa fimbo mahali barabara inapoanza kupanda, alipopata mwamba mgumu, alipomwaga machozi juu ya greda mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Miguu yake imevimba. Viatu havifungi.

Fundi: jioni. Halafu: kesho asubuhi, bila shaka.

Baba, bila hasira yoyote: "Ukitaka, nitarudi. Nitakaa kwenye kile kiti. Nitakaa hata mwaka. Lakini ujue nitakuwa nakaa kwa ajili yako."

Halafu akaomba kikombe chake cha pili. Nikampimia. Niliinama nikatazama mstari wa kikombe ili usizidi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumesimama kwenye ukingo wa barabara, injini ipoe. Haijafika adhuhuri. Naandika daftari likiwa juu ya usukani.

Asubuhi gari lilipona. Mpango ulikuwa kurudi nalo, Dada asikodi lile jingine. Hakuna aliyesema vingine, Baba mwenyewe alijivalisha lile shati la hospitali lenye mkono mpana, wasipate taabu kuukunja. Fundi akaniambia kistaarabu, "Dada, hiyo saruji niachie. Sakafu yangu imejaa mashimo, na hicho kigari chako kitakushukuru." Maneno ya akili. Nikafungua kile kimlango, nikakumbatia mfuko wa kwanza. Ungeishia pale chini, mbele ya viatu vyake. Badala yake nikazunguka nao hadi mlango wa pembeni, nikapanda nao ngazi, nikaulaza sakafuni, juu ya ekseli.

Baba alikuwa kwenye kiti cha kukunja, ananitazama.

"Unafanya nini?"

"Ulipakia vibaya. Dereva wa greda mzima."

"Mchukuzi wa dukani aliisukuma akaishia mlangoni," akasema. "Nikataka niisogeze mwenyewe. Mmoja tu, nikaona nyota." Sijawahi kumsikia akisema kuna kitu alishindwa kukibeba. Alisema akiangalia fimbo.

Nikarudi kuchukua wa pili. Kwenye wa tatu akaanza kuniongoza. Mitatu upande huu, mitatu ule. Huo sogeza mbele kiganja kimoja. Hapana, hapo, hapo uache. Wa kupasuka nikaufunga kwa plastiki. Vumbi puani, kwenye kope, kwenye meno. Fundi amesimama na tamaa yake, haelewi. Ili uzito ukubali nikashusha mtungi wa pili wa gesi, betri za zamani, nguzo za hema na kasha langu la vitabu. Nikamwambia vyote ni vyake. "Na vitabu?" Na vitabu. Akafungua kimoja, akakitazama, akasema watoto watachorea.

Tukapita juu ya mizani ya machimbo tena, maana si mbali. Yule mama akagonga kioo kwa ukucha. "Leo mmekuwa watu."

Wakati nafunga mlango wa Kobe, Dada akapiga. Ameshaongea na hospitali, watampokea leo hata akichelewa, yeye mwenyewe anakwenda kukaa pale mlangoni. "Mnaondoka?"

"Tunaondoka."

"Mungu akubariki, mdogo wangu. Nilijua utaweza." Alikuwa analia. Dada, ambaye hata kwenye msiba wa Mama alilia akiwa amejifungia.

Nikasema sawa. Neno lenyewe ndilo hilo, sawa. Nimelitafuna njia nzima.

Baba alijifunga mkanda, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho kama afanyavyo kila Alhamisi tukiwa njiani kwenda kwenye kile kiti. Tukafika barabara kuu. Kushoto ni nyumbani, kulia ni mlimani. Nilisubiri lori lipite, lingine likapita, nikakunja kulia.

Akafumbua macho. Akatazama barabara, akanitazama mimi, akatazama tena barabara. Kobe alikuwa anafuata sawasawa, hatingishiki.

"Weka gia ya pili," akasema. "Hapa mbele panapanda."

Hiyo ni saa moja iliyopita. Simu imeita mara nyingi, halafu ikaacha. Dada atakuwa bado amekaa pale mlangoni, anatazama kila gari linaloingia. Sijampigia.