Neema Yuko Hai

Bukavu, hospitalini

Papa Neema,

Nakusalimu sana. Waamkaje huko Luberizi, na kifua cha maman yako kimepoa? Kabla hujasoma mbele ujue hili: Neema yuko hai. Amelala hapa ubavuni mwangu.

Maman Riziki, yule anayeuza mchele, alitukuta jana akashtuka. Akasema kwetu mmekaa kilio siku tatu. Nililia, kisha nikakasirika, halafu nikaona kosa ni langu.

Dawa wanayomtia Neema mshipani kwa ile saratani ya damu iliangusha nywele zake zote. Akawa anajifunika shuka, hataki hata wauguzi wamwone. Basi nikanyoa na zangu tufanane. Alicheka, mara ya kwanza tangu tufike. Sikukumbuka kwamba kwetu mama hanyoi kichwa bure. Dada yako alipokuja na unga wa muhogo alinikuta getini, peke yangu, kichwa wazi. Hakuuliza, nani humuuliza mfiwa? Alipiga yowe, akatua unga, akageuza njia. Mimi nikadhani ni uchungu wa ugonjwa. Na simu hazipiti huko siku hizi.

Siku hizo zote nilikungoja uje kutoa damu, nikakusema vibaya moyoni. Kumbe ulikuwa unamlilia. Damu ya mtoto imepungua mno, na daktari hawezi kuendelea na dawa kabla ya kumwongezea. Anasema matibabu yatapita miaka miwili, na tukiyakatisha ugonjwa utarudi na ukali zaidi. Nilimuuliza habari ya kubadilisha uboho wa mifupa. Akasema hiyo hufanywa ng'ambo, na kwa Neema dawa ndiyo njia ya kwanza. Naogopa, Papa Neema. Kila asubuhi namwona amepauka kuliko jana.

Njoo na kaka yako mkubwa, mtoe damu wote wawili. Msalimie maman yako, umwambie akunje mikeka ya kilio. Dada yako asijilaumu. Wadogo zake Neema uwaambie dada yao anawaulizia.

Neema aliyasikia maneno ya Maman Riziki. Leo ameniuliza: "Maman, siku nikikufa kweli, watu watalia tena, ao wameshamaliza?"

Njoo umjibu wewe.

Mkeo,
Maman Neema