Semeni Asiuawe, Avishwe Kikapu

Mdogo wangu Kabula,

Mwangaluka. Unisamehe kwa kukaa kimya tangu msimu wa kupanda pamba. Hapa Morogoro mimi ni mzima, ila goti hunisumbua nikisimama sana darasani. Je, kifua chako kimepona?

Namshukuru Mungu kwamba mshenga aliyeumwa na Semeni amemaliza sindano na jeraha linapona. Ana haki ya kukasirika. Lakini wakwe wanaposema hawatakanyaga uani kupatana mahari ya Minza mpaka Semeni auawe, mimi mjomba wa binti naomba asiuawe. Mbwa huyo alizoea watu wa nyumbani tu. Siku hizi wanunuzi wa pamba wanaingia uani kila mmoja na mizani yake, naye hajui tena mgeni ni yupi.

Umeandika kwamba ulimfunga mdomo kwa kamba, jirani Limbu akapita akisema, "Leo Semeni hasemi? Basi tutasema sisi." Jina ulimpa wewe ili kuwakomoa majirani, nao wamelipiza. Ifungue kamba hiyo leo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akibanwa mdomo juani atakufa.

Mwenye shule yetu, maana sasa watu binafsi wameruhusiwa kufungua shule, ana mbwa mkali. Siku ya wazazi nilimkuta katikati ya wageni, nikarudi nyuma. Mwenyewe akaniambia, "Pita, Mwalimu. Leo amevaa adabu." Mdomoni alivishwa kikapu cha ngozi chenye nafasi: alihema, akanywa maji, ila hakuweza kuuma. Nikapita.

Fundi viatu ananishonea kimoja. Usimvishe Semeni ghafla siku ya wakwe. Paka samli ndani, aingize mdomo mwenyewe, kisha umvue na umsifu, mpaka akizoee. Siku yenyewe Minza amshike kwa kamba ya shingoni, na wageni wakiondoka avuliwe. Kikapu si adhabu.

Nisalimie mama mkubwa, na shemeji anayetuchungia ng'ombe.

Jambo moja zaidi. Barua nzima umeandika "mbwa yangu". Kiumbe mwenye uhai ni "mbwa wangu", nilikufundisha mwenyewe. Lakini tunasema "ndugu yangu" na "rafiki yangu", kwa hiyo safari hii kalamu nyekundu nimeiweka chini.

Mwenye shule hajaamua kama ataniruhusu kusafiri kabla ya mitihani. Akishaamua, nitakuandikia kama utapokea kikapu peke yake stesheni ya Malampaka, au kikapu pamoja nami.

Kaka yako akupendaye,
Masanja