Bikwembe Makumi Ine na Moja

Siku ya kwanza ya juma, 3/2/2025

Muhindo, weye mwenye nilizala mu mwili yangu, kichwa yako iko na nini? Maji! Mwaka na nusu unashika duka yangu ya bitambaa ya mu telefone, na hata siku moja hukufungula pale banaandika "remboursement", kurudishiwa feza. Hata siku moja!

Ni Régine, muuzaji mwenzangu, njo aliniambia jana kisha misa: ile soko ya mu telefone inalipa kila kintu yenye depo yake ya Luano inapoteza ao kuharibisha. Lakini mupaka uombe weye mwenyewe. Usipoomba, inanyamaza. Miezi kumi na nane ikipita, basi, imekufa.

Muhindo anajibu eti, Mama, nilizania bikwembe bilikawia tu kuuzwa. Ulizania!

Na dada yake Geneviève iko Goma na batoto batatu. Muji ilianguka ku vita juma moja sasa. Banki zimefungwa, ndege hakuna. Nauli ya kuzunguka na basi, Gisenyi, Tanzania, Zambia, mupaka hapa kwangu: dola mia ine makumi munane. Mi sina. Lakini soko iko nayo. Na ni yangu!

Siku ya pili, 4/2

Soko inataka facture, karatasi ya manunuzi. Facture gani? Nanunuaka Sakania, kule mupakani, ku bamama, mukono kwa mukono. Muhindo alishika kichwa.

Nikamwambia: lete kaye yangu, ile daftari ya bikwembe!

Masomo niliacha mwaka ya tatu ya primaire, maandishi inanichokesha. Kwa hiyo kila kikwembe, mbele iende depo, nakata kipande ku pembe, kidogo kama kucha, nakifunga na pini mu kaye, tarehe pembeni. Jicho yangu inasoma kitambaa mbio kuliko hata baprofesere ba iniversite ya Kasapa. Muhindo alichekaka: "Mama, ni kaye ya badudu?" Leo nani anacheka? Mi!

Tulilinganisha kipande kwa kipande na orodha ya soko. Makumi ine na moja! Makumi tatu na mbili bilipotea mu depo, shwaa, kama chumvi mu maji. Tisa banunuzi balirudisha, na depo iliandika "imeharibika". Muhindo alipiga picha kaye yote. Tumetuma.

Siku ya posho, 8/2

Balilipa! Makumi tatu na mbili, kila moja dola kumi na mbili — mia tatu makumi munane na ine! Telefone ililia, mi nikalia, nikacheza na hii goti yangu mubovu, sombe ku moto ikaungua. Tuliikula vile vile na bukari. Tamu! Régine alikuya na munkoyo ya kunywa, eti niko na kiburi. Ndiyo, niko nayo. Ya miaka makumi sita na munane.

Inabakia dola makumi kenda na sita. Na bile tisa bitaleta mia na munane. Inatosha, na mukate ya njiani juu!

Geneviève alipiga simu. Mutoto wa mwisho anauliza kama kwa Nkambo, bibi yake, bunduki inalia. Mwambie, hapa ni Nkambo peke yake njo analia.

Siku ya Mungu, 9/2

Jibu ya soko: bile tisa pia batalipa. Eti bilikatwa na makasi, makusudi, mule depo. Rigobert, mulinzi wa depo, njo ameandikwa kuwa alikata. Siku ya tano, 14/2, banamufukuza.

Muzuri! Panya ya miguu mbili! Mwaka muzima ananiita "Mama Butembo", juu ya muji ya kwetu, ananibebea furushi, kumbe anatafuna. Nilimulaani mbele ya kanisa, na sauti yote. Hata padri aligeuka.

Siku ya pili, 11/2

Soko ilituma picha za bile tisa. Muhindo anazificha. Nikamunyanganya telefone.

Kila kikwembe, pembe moja haiko. Kidogo. Kama kucha.

Nilifungula kaye. Kile cha ndege zambarau — kipande changu kiliingia mule mu tundu kama mutoto mu mugongo ya mama yake. Ni makasi yangu! Yangu! Ile pembe njo yenye chapa ya kiwanda, na mwanamuke wa hapa akinunua anatafuta chapa kwanza. Isipokuwa kamili, anakurudishia. Bile bingine nilikata pembeni ya chapa. Bile tisa, ndani ya chapa kabisa.

Nilicheka mupaka meno ya bandia ilianguka mu bakuli. Muhindo naye alicheka, akafuta macho, akasema: "Mama, nyamaza tu. Soko haijui."

Hapo kicheko iliisha.

Siku ya ine, 13/2

Asubuhi dola mia na munane ziliingia. Saa moja kisha, Geneviève: tumevuka, tuko Gisenyi, tumelala ku kanisa, basi inatoka siku ya posho, kesho kutwa. Nikapiga vigelegele mupaka Régine akatoka inje.

Kisha simu ingine. Rigobert. "Mama Butembo, unanijua. Unisemee neno. Kesho saa tatu bananitoa." Mi, mwenye domo yote hii! Nilikata simu.

Muhindo anasema, tuma kwanza, tutarudisha nyuma. Nyuma gani? Saa tatu itangoja nyuma?

Kwa hiyo sikia, Muhindo. Ile mia na munane usiiguse, inarudia ku soko. Vuta malle yangu, ile sanduku ya chini ya kitanda. Bikwembe bya ndoa yangu biko mule, tisa, pembe zote nzima. Mupelekee Régine, auzishe leo, beyi yenye atapata, na ile feza iende kwa Geneviève. Kisha vaa viatu, beba kaye na makasi, tunapanda Luano. Na mule depo nitasema mi. Weye nyamaza!