Mponyaji wa Mstari wa Nyuma

Jumatatu, 16 Machi 1998

Uji. Dawa. Kuosha. Kubadilisha shuka. Kufua shuka. Mvua ikanyeshea shuka. Hiyo ndiyo siku yangu, na ya jana ilikuwa hiyo hiyo.

Nikitafuta blanketi kwenye sanduku la marehemu mama nilikuta gemu. Ile ya mkononi, ya kijivu, ambayo mjomba alituletea alipokuwa akifanya kazi uwanja wa ndege, mimi na kaka yangu Njeru tukiwa wanafunzi. Kaseti bado iko ndani. Betri zilikuwa zimevuja, nikakwangua ute kwa kisu. Nikaazima betri za redio ya baba akiwa amelala.

Ikawaka. Miaka sita sandukuni na ikawaka! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumatano, 18 Machi

Kioo hakina taa, lazima ukae dirishani. Kwa hiyo nacheza baba akishakula mchana, kabla jua halijageuka.

Tuliacha pale pale. Watu wanne wamesimama mlangoni mwa mnara wa mfalme mwovu, wakingoja. Hatukuwahi kuumaliza huo mnara. Njeru alipata kazi Nairobi, mimi nikaenda bodingi, mama akafunga gemu sandukuni.

Mchezo unakuruhusu herufi nne tu za jina. NJER yuko mbele, ana upanga na ngao. MBUR ni Mburia, rafiki yake. SIMB ni Simba, mbwa wetu. Mwisho kabisa, nyuma ya mbwa, kuna WAWI. Mimi, Wawira. Nimevaa kanzu nyeupe na nimeshika kijiti. Kazi yangu ni kuponya wengine.

Nilikuwa nimesahau. Njeru ndiye alishika gemu likizo nzima. Mimi nilikaa begani pake kungoja aseme, "Wawi, ponya," halafu nibonyeze kitufe kimoja. Nikifurahi, jamani! Hata mbwa alipewa shoka.

Jumamosi, 21 Machi

Njeru amepiga simu pale dukani sokoni. Mwenye duka akatuma mtu aniite, nikakimbia kwenye matope yote ya Kianjokoma na kandambili. Mzee anaendeleaje? Mpe matunda. Mtoe nje apate jua. Asante kwa ushauri, daktari.

Nikamwambia tena habari ya chuo cha ualimu. Nimepata nafasi Meru, tunafungua Mei. Mwaka jana nilipata pia nikaiacha kwa sababu baba alikuwa amepooza juzi juzi tu. Nikiacha na hii sitapewa nyingine. Akasema atakuja Pasaka, Baba Mdogo aite kikao cha nyumba.

"Lakini nataka kwenda," nikasema.

"Tutaona."

Tutaona! Nani ataona? Yeye yuko Nairobi, anaona nini kutoka huko?

Alhamisi, 26 Machi

Acha niandike, maana sitamwambia mtu.

Kwetu binti mkubwa haoni uchi wa babake. Ni aibu kwake na ni aibu kubwa zaidi kwa mzee. Akiugua, anaoshwa na mwanawe wa kiume au na wazee wa rika lake. Kila mtu hapa anajua, hata watoto. Baba alipopooza, Mzee Mbogo wa rika lake alikuwa akija kila asubuhi kumwosha. Halafu mgongo wa Mzee Mbogo ukakataa. Akaacha kuja. Hiyo ilikuwa Novemba.

Tangu Novemba ni mimi. Nafunga mlango na komeo. Baba hawezi kusema, ulimi umelala, lakini ananisukuma kwa ule mkono mzima. Kila siku ananisukuma kwanza. Halafu anachoka, analia bila sauti, namwosha. Mtu aliyekuwa akikohoa tu tunanyamaza nyumba nzima.

Watu wa kanisa wakija husema mzee ni msafi, hana hata kidonda. Nasema ndiyo, ameoga. Hakuna anayeuliza nani alimwogesha. Hawataki kujua. Wakijua itabidi wafanye kitu.

Nina hasira hadi meno yananiuma.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nimefuta wote.

Kaseti ina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Ukianza upya na kuhifadhi, wa zamani wanakwisha. Niliwatazama pale mlangoni mwa mnara, nikabonyeza. Kwisha. WAWI mbele, upanga mkononi. Nyuma yake SIMB na MBUR. Halafu NJER, kanzu nyeupe na kijiti. Ponya sasa, kijana.

Betri zinaisha. Nimezianika juu ya mabati ya jiko zipate nguvu.

Jumapili, 5 Aprili

Wawi ana nguvu kuliko Njer wa zamani. Sioni kama kuna siri yoyote. Nazunguka msitu ule wa kwanza nikipiga kila kinachotokea, sikimbii kitu. Njeru alikuwa na haraka ya kufika, ndiyo maana tulikuwa tunakufa kila mara. Mimi sina haraka, nina hasira. Leo nimepita daraja ambalo lilitushinda likizo nzima.

Tata Ruguru, dadake baba, alipitia hapa kutoka kanisani. Akala viazi vyangu, akanywa chai yangu, akasema Mungu alijua alipompa kaka yake msichana. Ati nikienda Meru, nani atabaki? Mke wa Njeru hawezi kumgusa baba mkwe, si najua mila.

Najua, Tata. Mila ya mkwe wote mnaikumbuka vizuri sana. Ile ya binti imewatoka kichwani.

Sikumwambia. Nilimwongezea chai. Najichukia kwa ile chai.

Ijumaa, 10 Aprili

Wamefika. Njeru, mkewe, kilo za nyama, mikate, soda. Njeru alisimama mlangoni mwa chumba cha baba, akasema "Mzee, uko sawa!" kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi, akatoka nje kuangalia majani chai. Baba si kiziwi.

Asubuhi kabla hawajafika nilikuwa nimefika mlangoni mwa mnara. Mimi mwenyewe, Wawi mbele. Nimehifadhi. Wageni wakienda Jumatatu nitaingia ndani, nione kuna nini huko juu. Nangoja hiyo Jumatatu kuliko Pasaka yenyewe.

Jumamosi, 11 Aprili

Kupika. Kuosha vyombo. Kupika. Mke wa Njeru ni mtu mzuri, alinisaidia kumenya ndizi, lakini usiku huu hata watu wazuri siwataki.

Njeru ameona gemu dirishani. Akapiga kelele kama mtoto. Nikasema usiiguse, mpaka nimalize. Akacheka.

Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili

Mafuta ya taa yanaisha. Nitaandika hivyo hivyo.

Kikao kilikuwa sebuleni baada ya chakula. Baba Mdogo Ngari kwenye kiti cha baba. Tata Ruguru. Mzee Mbogo na mgongo wake. Njeru kwenye kochi karibu na dirisha, gemu mkononi. Ndiyo. Kikao kinajadili maisha yangu na yeye anabonyeza.

Baba Mdogo alisali, akanisifu, akanisifu tena. Nikajua nimekwisha. Akasema Wawira akae mwaka mmoja zaidi, Mungu atafungua mlango mwingine. Tata akasema amina. Wakamgeukia Njeru, ndiye mwana wa kiume. Akaitikia kwa kichwa. Hakuinua hata macho.

Halafu akanipungia mkono nije nione. Anatabasamu kabisa. Akasema, "Ulikuwa umeichanganya yote. Nimekurekebishia."

NJER mbele na upanga. WAWI nyuma, kanzu nyeupe. Ameanza upya na amehifadhi. Mnara wangu umekwenda. Wiki zangu zote kwenye lile dirisha zimekwenda, na yule bwana anangoja nimwambie asante.

Sikupiga kelele. Nilienda jikoni. Nikatia maji ya moto kwenye beseni, nikapoza, nikapima kwa kiwiko kama kila siku. Sabuni. Taulo. Kitambaa cha chini. Nikarudi nikaweka beseni mezani katikati ya soda zao.

Nikasema, "Njeru, amka umwogeshe baba."

Baba Mdogo akauliza ni adabu gani hiyo. Nikamwambia, "Baba Mdogo, nani anamwogesha kaka yako?"

Akamtazama Mzee Mbogo. Mzee Mbogo akatazama kofia yake. Akasema polepole kwamba yeye aliacha Novemba.

"Mimi ndiye namwogesha," nikasema. "Kila siku. Namvua nguo mimi. Ananisukuma, analia, namwosha. Mlijua. Na wewe Tata ulijua, usinitazame hivyo! Kama ni mila, mwanawe huyu hapa, ana mikono miwili mizima, inacheza gemu. Na kama si mila, basi msiniambie habari za mke wa Njeru. Mimi Mei naenda Meru."

Tata alijifunika uso na leso. Mke wa Njeru alikuwa amesimama mlangoni, akamwambia mumewe neno moja: "Nenda."

Njeru alibeba beseni. Maji yalimwagika sakafuni njia nzima. Mlango ukafungwa. Tukasikiliza maji.

Alikaa ndani muda mrefu. Hajui kumgeuza mtu. Sikwenda kumwonyesha.

Jumatatu, 13 Aprili

Njeru alilia nyuma ya zizi asubuhi. Shati lililowa kifua kizima. Nilipita na ndoo, nikaendelea kupita. Bado nina hasira naye, na machozi yake yananiongezea.

Baadaye akaja na gemu. Akasema hakujua. Nikamwambia alijua kwamba baba ana mwili. Akasema tuanze upya, nishike mimi, yeye akae begani. Sikutaka. Ajabu ni kwamba sikutaka kabisa, hata kuona huko juu kuna nini.

Jumatano, 15 Aprili

Njeru ameamua kubaki likizo yake yote. Leo baba hakumsukuma. Nilisikia kutoka uani. Niliona wivu, halafu nikakasirika kwa sababu ya wivu.

Baba Mdogo amekuja peke yake, akasimama mlangoni bila kuketi. Wamepata mwanaume wa Manyatta aliyekuwa akifanya kazi wodini. Ataanza Njeru akirudi Nairobi. Jumapili Baba Mdogo mwenyewe atampokea mtu huyo, maana baba ni kaka yake. "Enda usome," akasema. Hakuomba msamaha. Nilitaka aombe.

Jumapili, 10 Mei. Meru

Wiki ya kwanza imeisha. Bweni letu lina vitanda vya ghorofa, mimi niko juu. Maji ni ya bomba la nje. Mbali. Chakula ni githeri na githeri, mahindi na maharagwe kila siku.

Jana kabla ya taa kuzimwa msichana wa kitanda cha mlangoni alitapika. Joto kali. Akaomba maji. Tulikuwa kumi na zaidi mle ndani. Nilikuwa nimeshashuka, nimeshika ndoo, hata sikuwa nimefikiri.

Nikasimama hapo. Nikaweka ndoo chini. Nikapanda kitandani kama mwizi.

Kagendo wa kitanda cha chini akaichukua ile ndoo, akaenda. Maji yakaja.