Karte ya Paluku

Bunia, Mudzipela, mwezi wa kenda

Mama wangu mupenzi,

Kama barua hii imekukuta umeikala ku mulango unachambua maharagi, usiinuke, endelea tu, Kahindo atakusomea. Na weye Kahindo, mudogo wangu, ninakujua: soma yote. Usiruke fasi zenye kuuma, na usiongeze zako. Mama, mugongo inaendelea namna gani? Ile dawa ya kupakaa nilituma na dereva ilifika, ao ilibakia kwake? Mvua imewapa viazi? Hapa siye tuko wazima, tunakula, tunalala. Tumbo yangu imeingia mwezi wa saba na inanipiga mateke kila asubui. Bwana yangu, Baba Kambale, anapima magunia ya kawa ku depo kama zamani, anarudi na vumbi ya kahawa mu masikio. Anakusalimia, ijapokuwa siye wawili hatusemezane muzuri tangu mwezi wa munane. Nitakuelezea.

Mujukuu wako Kambale ameingia masomo, Mama. Iko première, kalasi ya kwanza. Ulipaswa kumuona! Baba yake alikata abakosi yake ya zamani, ile koti ya bulu, fundi akatosha mule kaputula moja na bado kitambaa ikabakia. Mufuko wa kaye, wa kutia madaftari, nilishona mwenyewe na gunia ya depo, na inanukia kawa mupaka mwalimu aliuliza kama mutoto anauzisha kawa. Nilimununulia ardoise, kile kibao cha kuandikia, na chaki. Alivaa yote siku kumi mbele masomo haijafunguka, akapita nyumba kwa nyumba kujionyesha. Nilicheka sana. Ninaandika furaha kwanza juu ya nyuma yake furaha haiko mingi.

Unajua ile mambo ya mukono. Mutoto anapitisha mukono juu ya kichwa, vidole vikishika sikio ya ngambo ingine, ameiva kwa masomo. Visiposhika, arudi kwa mama yake. Basi mwezi wa munane muzima batoto ba kiwanja chetu hawakucheza kitu ingine. Kambale alikuwa anajivuta mukono mbele ya kula, nyuma ya kula, hata mu choo nilimukuta anajivuta. Baba yake alimushika kiwiko, vuta, vuta, mupaka nikamuambia: "Utamuvunja, tumupeleke hospitali pahali pa masomo!" Kisha mutoto akagundua akili: anainamisha kichwa kidogo, na vidole vinafika.

Siku ya inscription, ya kuandikisha batoto, directeur wa masomo alimushika kichwa na vidole viwili, akakinyoosha. Mukono ikaishia juu ya nywele. Directeur akasema: "Huyu bado mubichi. Lakini kama muko na karte ya kuzaliwa yenye kuonyesha miaka sita, simupime mukono. Karte iko wapi?"

Karte haiko, Mama. Na weye unajua juu ya nini haiko. Ulinikataza kupanda camion ya mizigo na tumbo kubwa. Ulisema: "Masika, zala kwanza hapa kwangu, utaenda kisha." Mimi nilikuwa nimetoka kuzika, sikutaka tena kuangalia ile fasi nyuma ya nyumba yako kila asubui, na bwana yangu alikuwa ananiita huku Bunia. Nikapanda. Kambale akazaliwa juu ya mifuko ya viazi, mbele ya kufika Komanda, na mama mumoja mwenye kuku alimukata kitovu na wembe. Hakuna maternité ya kuzalia, hakuna karatasi. Wakati ule sikuona kama ni kitu. Alilia, alinyonya, nilishukuru Mungu.

Tulienda ku biro ya serikali. Mutu wa biro akauliza: "Alizaliwa wapi?" Nikasema ndani ya camion. Akaniangalia. "Citoyenne, camion haina biro ya kuandika batoto." Akasema tuende kwa tribunal, mbele ya hakimu, na mashahidi wawili wenye waliona mutoto akizaliwa. Mashahidi gani? Dereva wa ile camion alikufa njiani mwaka uliofuata. Na yule mama mwenye kuku, sikumuuliza hata jina. Alishuka, akaenda zake. Nikauliza: tukingoja mwaka kesho? Akajibu hata mwaka kesho bataomba karte, na mwaka mwingine pia.

Tukarudi nyumbani. Nikaanza kusonga unga ya bugari ku moto. Baba Kambale akaingia mu chumba, nikasikia anafungua ile valizi yangu ndogo ya bati. Mama, weye unajua kitu kinalala mule. Kofia ya sufu uliyofuma weye mwenyewe, na karte ya Paluku, mutoto wangu wa kwanza.

Akatoka nayo mukononi. Akasema: "Hii iko. Muhuri iko, tarehe iko, jina ya baba iko. Angalia, ni nzima kabisa. Ni mwenyewe tu njo haiko."

Nilimutupia muiko. Ndiyo, Mama, nilimutupia, na bugari ilimubandama ku shati. Nilimuambia huyu ni mutoto, haiko gunia ya kawa, unabadilisha namba na unapeleka. Hakunipiga. Aliikala ku kiti, akasema pole pole: "Na mimi nilikuwa baba yake. Na mimi nilichimba kaburi. Lakini huyu mwenye kuishi, unataka abakie mu kiwanja kuchunga mbuzi za batu juu ya karatasi?" Nikaokota muiko. Mupaka leo sijapata jibu, na ningekuwa nayo singekuandikia.

Unakumbuka wakati Paluku alizaliwa majina ya batizo ilikuwa imekatazwa na serikali. Karte iko na Paluku tu, na jina ya babu yake. Kama ingeandikwa jina ingine ya mbele, ningeshika ile, ningesema hapana, hii haifanane. Nilitafuta fasi ya kushika, nikakosa.

Asubui ya kesho yake tulienda tena ku masomo, watatu. Directeur hakuwa, tulimukuta sekretere wake. Na nani huyo? Mutu wa kwetu, wa Lubero! Roho ikanianguka, juu mutu wa kwetu haumudanganye na majina. Hapa Bunia nikisema mutoto wangu anaitwa Kambale, batu ba Mahagi ao ba ziwa wanasema jina muzuri, basi. Lakini mu soko, bachuuzi bote ba Butembo, neno ya kwanza ni: "Kambale? Na Paluku yake iko wapi?" Juu kwetu muvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, na hata aliyelala anahesabiwa. Wa pili ni wa pili. Miaka sita nimejibu ile swali na tomati mukononi.

Sekretere akasoma karte, uso ikafunguka. Akainuka, akanitolea kiti, akasema: "Karibu, Mama Paluku. Ikala."

Hakuna mutu aliniita vile tangu nilitoka kwako. Jirani zangu bote ni "Mama Kambale". Nilisahau namna inasikika. Na aibu yangu, Mama, nitakuambia yote: mu roho nilifurahi. Niliikala na nikafurahi, na kisha tu njo nilikumbuka ni nani amesimama pembeni yangu.

Akaangalia mutoto. "Miaka saba? Hana mwili." Baba yake akasema: "Siye mu famille yetu tuko bafupi." Na yeye mwenyewe kichwa inagusa juu ya mulango! Sekretere akacheka tu. Akashika fishi, ile karatasi ya masomo, akaandika: mutoto wa kwanza, Paluku. Akauliza kama kuna bengine. Bwana yangu akasema hapana. Sekretere akaangalia tumbo yangu, akataka kutufurahisha, mutu wa kwetu kwa batu ba kwetu. Akasema: "Basi huyu mwenye kuja, kama ni muvulana, njo Kambale wenu."

Na baba yake akasema: "Ndiyo, njo Kambale."

Mutoto alikuwa amesimama kati yetu na mufuko yake. Nilisikia vidole vyake ndani ya mukono yangu. Na mimi sikusema neno. Sekretere akasukuma fishi, akasema mama naye aweke sinyature, aandike jina yake. Weye ulichunga mbuzi ya Tata fasi yangu mupaka nikamaliza kalasi ya ine juu nijue kuandika. Nikaandika muzuri, na mukono yangu mwenyewe.

Nilifikiri ni ya mwaka mumoja, kisha tutatengeneza. Mbele ya kutoka nikauliza, kama kwa kucheza, mutu anaweza kubadilisha jina kisha? Sekretere akasema: "Eh, Mama Paluku, hapana. Jina ya première njo inapanda mupaka certificat, kisha diplome, kisha karte ya kazi. Batamuzika nayo." Alisema vile na kucheka. Nikacheka na yeye, ningefanya nini?

Nyumbani baba yake akaanza kumufundisha. Anaita "Paluku!", mutoto akijibu "Présent!", anamupa karanga. Siku mbili tu, akajua. Ni mwerevu, hata karanga hakuomba tena. Siku ya tatu alinifuata fasi ninafua nguo, akauliza Paluku ni nani. Nikasema ni jina yako ya masomo. "Na Kambale?" Nikasema ni ya nyumbani. Akawa anapiga maji na kidole. Kisha akasema: "Lakini Baba alisema Kambale ni huyu wa mu tumbo. Atazaliwa hapa nyumbani. Mimi sasa nitaitwa nani?"

Mama, nilikamua ile shati mupaka mikono iliniuma. Nikamuambia ende kucheza.

Siku ya kufungua tulisimama siye bamama inje ya luuzi ya miti yenye kuzunguka masomo. Batoto balipanga mustari, bendera ikapanda, mwalimu akafungua kitabu. Pembeni yangu alikuwa jirani yangu wa Mahagi, Mama Ukumu, mwenye anakopesha chumvi na anapenda Kambale sawa wake. Mwalimu akaita Paluku na jina ya babu. Na sauti ya mutoto wangu ikatoka, kubwa, muzuri kuliko bote: "Présent!" Bamama bengine bakacheka kwa furaha. Mama Ukumu akanigusa: "Kambale wako, hawajamuita?" Nikasema bado. Akangoja na mimi mupaka majina ikaisha. Akaniangalia, akaangalia mutoto anaingia mu kalasi, akasema tu: "Haya, twende, jua iko kali." Hajaniuliza tena, lakini kila asubui anaita "Kambale!" juu ya luuzi ya kiwanja chetu kwa sauti kubwa, na mimi sijui kama ni upendo ao ni kunionya.

Ni pale niko. Nikisema kweli, banafukuza mutoto, na baba yake banamufunga juu ya karatasi ya uongo, na mimi pia, juu nimeandika. Nikinyamaza, Kambale wangu anapotea mu kitabu na mimi njo nimemufuta. Kwa siku ingine ningepanda camion nije kwako, lakini kwa tumbo hii sitarudia ile kosa.

Ninaomba Mungu anipe binti. Omba na weye ku kanisa, Mama, omba kwa nguvu. Kama ni binti, ataitwa Kahindo, binti mwenye kufuata bavulana, kama huyu mwenye anakusomea, na hakuna mutu atakosa jina. Kama ni muvulana, mimi nitamuita Kasereka, wa tatu, hata baba yake akasirike, hata fishi iseme namna gani. Na batu ba kwetu wakiniuliza Kambale iko wapi, nitawaonyesha kwa kidole: yule pale, anatoka masomo.

Unisalimie mujomba Katembo wa ngombe, umuambie chizi yake ya maziwa ilifika, tulikula yote siku moja. Salimia shangazi Kavira wa kushona vikapo, na kaka Kakule, akikubali kutoka ku mashine yake ya kusaga kusikia salamu. Salimia mama mukwe wangu ukimukuta ku misa, lakini hii barua asisikie.

Kitu moja njo nimeandikia yote hii. Mama, siku mugongo itakubalia, zunguka nyuma ya nyumba, pale ku migomba fasi Paluku analala. Ngoa majani kama imeota. Mupeleke Kahindo, asibakie. Kisha umuambie Paluku kwamba ameandikwa ku masomo. Umuambie iko première, benchi ya mbele, kaputula ya bulu, na mwalimu anaita jina yake kila asubui mbele ya batu. Umuambie ni mama yake aliandika. Usimudanganye kwamba tunaazima jina tu, kwamba tutarudisha. Umuombe asimukasirikie mudogo wake mwenye anajibia jina yake, juu yeye hakuomba jina, aliomba tu kusoma.

Kofia yake bado niko nayo. Ile sitamupa mutu.

Mutoto wako,
Masika, mama ya Paluku na ya Kambale