Sekunde Sitini na Nane

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba goti limekupunguzia ukali tangu baridi ilipoisha. Mimi mzima. Kitindamimba wako anakula na kutembea, ila mwanga bado unamchoma macho, ndiyo maana ninakuandikia mimi.

Uliuliza kazi yangu hapa kambini ni ipi hasa. Ninapima macho ya askari. Kila mmoja, akiwa mzima, husoma kwa sauti kadi tatu zenye tarakimu zilizotawanyika, nami nimeshika saa na kuandika sekunde zake; huo ndio muda wake wa awali. Akipatwa na kishindo cha mlipuko husoma tena. Ubongo uliotikisika huyachelewesha macho. Akizidisha muda wake wa awali, harudi kazini mpaka apone.

Askari wamegundua namna ya kutukwepa. Sajenti mmoja huwafunda wapya wasome polepole, kama wanaotafuna kokoto, ili muda wa awali uwe mrefu na baadaye wasizuiliwe. Mdogo wangu, kitindamimba wako huyo, alitumia sekunde sitini na nane, yeye anayemsomea Baba gazeti zima bila kumeza mate. Nilipomtazama alinikonyeza, akadai kwamba tarakimu za dada yake zinatia usingizi. Nilicheka, nikaandika sitini na nane.

Mwezi uliopita kombora la mazoezi lilipasuka karibu naye. Alisoma kwa sekunde sitini na sita. Kwenye karatasi, alikuwa mzima. Lakini alipofuata ncha ya kalamu yangu macho yake yalirukaruka kidogo, au nilidhani yalirukaruka. Hata leo siwezi kuapa. Aliniomba nisimwaibishe mbele ya wenzake. Nikatia sahihi arudi kazini. Siku ya nne mlipuko wa pili ukamwangusha.

Mama, alikuambia kwamba aliteleza akishuka garini. Si kweli, na aliyemrudisha uwanjani ni mimi. Mkuu wa kambi nimemweleza yote.

Jana alisoma kwa sekunde hamsini na tisa, akaniuliza kama amepona. Nilifungua faili lake, nikaona sitini na nane ile ya uongo. Muda wake wa kweli wa uzima hatukuuandika popote.

Atafika nyumbani Jumamosi. Msalimie sana Baba, na umwambie asimpe gazeti mpaka aliombe mwenyewe. Siku atakayolisoma, kaa karibu usikilize. Ni ninyi wa nyumbani mnaojua alivyokuwa akisoma alipokuwa mzima.

Nakubusu mikono.

Binti yako,
mpima macho